Mayai ya Tsar na visu vya Uele: kitu kisichoandikwa hakidaiwi

BIHAMBWE – Vita vinapofukuza raia wa Bihambwe, eneo la Masisi, mara nyingi godoro na sufuria ndivyo vinabebwa. Kiti cha babu na kibuyu cha maziwa vinabaki. Vikipotea, hakuna pahali vimeandikwa.

Kuna vitu vya Kongo vilivyoandikwa mbali sana. Kunstkamera, jumba la makumbusho lililoanzishwa na Tsar Petro Mkuu mwaka 1714 huko Saint-Pétersbourg, Urusi, linahifadhi vitu vya Wazande na Wamangbetu wa bonde la mto Uele. Vilitoka kwa Wilhelm Junker, msafiri mzaliwa wa Moscow, aliyezunguka huko kuanzia mwaka 1880.

Mwaka 1885 Tsar Alexander III alimpa mke wake yai la kwanza la dhahabu la sonara Fabergé. Wakati huo Junker alikuwa amekwama kwa Emin Pasha, vita vya Mahdi vikiwa vimefunga njia ya Sudan. Alirudi kwao kupitia Uganda na Zanzibar.

Baada ya mapinduzi ya 1917, Wabolsheviki waliuza mayai kadhaa ng'ambo. Mwaka 2004 tajiri Mrusi, Viktor Vekselberg, alinunua tisa kutoka kwa familia ya Forbes, Marekani. Historia ya mayai hayo ilijulikana.

Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha vitu vya makoloni mwaka 2022. Lakini lazima kwanza ichunguzwe kitu kilitoka wapi. Kwa familia za Bihambwe, mwanzo ni rahisi: picha kwenye simu, jina la mwenye kitu na la kijiji.