Mwalimu, Miaka Yako ya Kwanza Iko Wapi?

Iwapo nyumbani kwako yumo mwalimu, muulize leo: alianza kufundisha mwaka gani, na miaka hiyo imeandikwa wapi?

Walimu wengi hawakuanzia Serikalini. Tumfikirie mwalimu aliyefundisha shule ya binafsi miaka 8 akichangia NSSF, kisha akaajiriwa na Serikali na kuchangia PSSSF miaka 14, hata akatimiza umri wa miaka 60. Ili mstaafu alipwe pensheni ya kila mwezi, hutakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180. Miaka 14 ni miezi 168. Kwa upungufu wa miezi 12 tu, mwalimu huyu atapewa malipo ya mkupuo na kuagwa.

Lakini sheria inaruhusu vipindi vya uchangiaji katika mifuko miwili vijumlishwe. Akihesabiwa ile miaka 8, anafikisha miezi 264. Kanuni iliyoanza Julai 2022 huzidisha miezi kwa wastani wa mshahara, kisha hugawanya kwa 580. Tuseme wastani wake kote kuwili ulikuwa shilingi 900,000: pensheni yake ni kama shilingi 409,000 kwa mwezi, kabla ya kuondolewa sehemu inayolipwa kwa mkupuo. Hiyo ndiyo thamani ya miaka 8 ya chaki iliyokaribia kusahauliwa.

Aliyekwisha kuchukua michango yake alipoacha kazi ya kwanza hana cha kujumlisha. Wengi walifanya hivyo kwa shida za nyumbani, wala si haki kuwacheka.

Na walioajiriwa Serikalini kabla ya Julai 1999? Hao hawakukatwa mchango. Pensheni yao ilikuwa mzigo wa Hazina. Utumishi wao wa wakati huo nao huhesabiwa, mradi uthibitike kwa maandishi.

Hapo ndipo penye taabu. Shule za binafsi hufungwa, wenye shule hufariki, na wako waajiri waliokata mishahara bila kupeleka michango. Basi tafuta katika sanduku barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini na hati za mishahara. Kisha nenda katika kila mfuko uliochangia, uombe taarifa ya michango yako, uikague mwezi kwa mwezi. Mwezi uliorukwa udai sasa, wakati mhasibu wa shule ile bado yu hai na anakukumbuka.