Mbao za Wima Ukutani na Mwendo wa Unyevu

Kuvalisha ukuta wa ndani kwa mbao za mti halisi zilizosimamishwa wima, yaani mbao zilizopasuliwa moja kwa moja kutoka kwenye gogo na si zile bapa za kiwandani zinazoundwa kwa unga wa mbao au kwa tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, ni kazi inayoonekana kuwa ya kupima, kukata na kupigilia misumari tu. Hata hivyo, kuta nyingi za aina hii zinapoharibika haziharibiki kwa sababu ya vipimo vibaya, bali kwa sababu mbao zilifungwa kana kwamba zisingebadilika tena, ilhali mti hutanuka na kusinyaa hata miaka mingi baada ya kupasuliwa.

Maji hukaa ndani ya ubao kwa namna mbili: yapo yaliyo huru katika uwazi wa nyuzi, na yapo yaliyoshikamana na kuta za nyuzi zenyewe. Maji huru yakikauka ubao hupungua uzito tu. Kusinyaa huanza pale kiwango cha unyevu, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa mti uliokauka kabisa, kinaposhuka chini ya takriban asilimia 30. Kuanzia hapo ubao hufuata hewa inayouzunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 huufikisha ubao kwenye asilimia 12 hivi, hewa ya asilimia 80, ambayo ni ya kawaida katika miji ya pwani wakati wa masika, huupandisha hadi karibu na 16, na chumba kinachopozwa kwa kiyoyozi mfululizo kinaweza kuushusha hadi 9.

Mabadiliko hayo hayalingani kila upande. Kwa urefu, ubao haubadiliki kwa kiasi cha kumsumbua fundi, lakini kwa upana, hasa ule uliopasuliwa kwa kufuata mkunjo wa pete za ukuaji, ubao wa msindano hubadilika kwa takriban robo asilimia kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka au kupungua. Ukuta wenye upana wa mita 4 hubeba mbao 40 za milimita 100. Unyevu wake ukipanda kutoka asilimia 12 hadi 16, kila ubao hutanuka milimita 1, na kwa kuwa mbao zilizosimama wima hutanuka zote kuelekea pembeni, jumla yake ni milimita 40. Zikiwa zimebanwa kutoka kona hadi kona bila upenyo, sentimita hizo nne hazina pa kwenda ila mbele, nazo ndizo zinazong'oa misumari na kuubenua ukuta katikati ya chumba. Upenyo wa milimita 1 katika kila kiungo hulimaliza tatizo hilo bila mtu yeyote kuuona.

Kwa sababu hiyo ukavu wa mbao ni jambo la kuamuliwa kabla ya jambo jingine lolote. Msindano wa mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi, ambao hujaza maghala ya mbao nchini Tanzania, mara nyingi huuzwa ukiwa bado mbichi, na muuzaji akisema kwamba ni mkavu huenda anasema tu kwamba haudondoshi maji. Kipimo cha umeme chenye sindano mbili hutoa jibu la haraka. Asiyekuwa nacho anaweza kukata kipande kidogo mbali na ncha ya ubao, akakipima uzito, akakikausha katika joto la nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena, kisha akagawanya uzito uliopotea kwa uzito uliobaki na kuzidisha kwa 100. Mninga na msaji husinyaa kidogo kuliko miti mingi, na ndiyo sababu mojawapo ya kupendwa na maseremala, lakini hakuna mti usiobadilika kabisa. Mbao zikishakauka zipangwe ndani ya chumba kitakachovikwa, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite kila upande, kwa wiki mbili au zaidi. Ukuta uliopigwa lipu karibuni usivikwe hadi ukauke, kwani lipu ya saruji huendelea kutoa maji kwa wiki kadhaa.

Mbao za wima zinahitaji papi za mlalo za kupigiliwa, na hapa ndipo mpangilio huu unapoutofautisha ukuta na ule wa mbao zilizolala. Papi hizo, ambazo unene wake usipungue milimita 25 ili msumari upate mahali pa kushika, hufungwa kwenye tofali kwa skrubu na vishikizi vya plastiki vinavyopanuka ndani ya tundu, zikiachana kwa milimita 400 hadi 600. Kasoro yake ni kwamba papi ya mlalo iliyonyooka kutoka kona hadi kona huziba hewa iliyo nyuma ya mbao isipande. Dawa yake ni kuzikatiza papi kwa mianya inayopishana safu kwa safu au, kwa ukuta unaopigwa na mvua upande wa nje, kutanguliza papi za wima na kuweka zile za mlalo juu yake. Katika nyumba kongwe za pwani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo kuta zake hufyonza maji na chumvi kutoka ardhini, njia hii ya pili isichukuliwe kuwa anasa, na misumari ya chuma cha kawaida isitumike, maana itashika kutu na kuacha madoa meusi usoni mwa mbao.

Upangaji huanza kwa hesabu. Ukuta wa mita 3.64 ukivikwa mbao za milimita 100 kutoka kona moja utaishia na kipande cha milimita 40, ambacho huonekana kama kiraka. Afadhali kuweka mbao nzima 35 katikati na kupasua mbili za milimita 70 kwa ajili ya kona zote mbili. Ubao wa kwanza husimamishwa kwa timazi, si kwa kuufuata ukuta, kwa kuwa kona za nyumba ni nadra kuwa wima kamili, na ukingo wake wa pembeni hukatwa kwa kuufuatisha mkunjo wa lipu.

Mbao zinazofaa zaidi ni zile zenye ulimi ukingo mmoja na mfuo ukingo wa pili. Msumari mmoja tu hupigwa kwa mshazari kupitia mzizi wa ulimi katika kila papi, kisha mfuo wa ubao unaofuata huufunika. Hivyo kila ubao hushikwa upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Fundi anayeongeza gundi au msumari wa pili kwa nia ya kuuimarisha ukuta anaukaribisha mpasuko, kwani ubao uliofungwa kingo zote mbili husinyaa kwa kujipasua katikati. Rangi au vanishi ipakwe pande zote, nyuma na kwenye ulimi pia, kabla ya kupigilia: mgongo usiopakwa hunywa unyevu haraka kuliko uso na kuukunja ubao, na ulimi usiopakwa hujitokeza kama mistari myeupe kiangazi kinapofika.

Chini, mbao ziishie milimita 10 juu ya sakafu ili zisinywe maji ya kudekia wala kuwapa mchwa njia iliyofichika, na juu pia uachwe upenyo chini ya dari. Ubao wa kuziba upenyo wa chini hupigiliwa kwenye papi kupitia katika viungo, usifungwe kwa mbao zenyewe. Visanduku vya swichi na soketi navyo lazima visogezwe mbele hadi vilingane na uso wa mbao, kwa kuwa kisanduku kilichobaki nyuma kwenye lipu huacha nyaya na cheche zake zikikabiliana moja kwa moja na ukingo mkavu wa mti.