Erika: pima udongo kabla ya kutoa mtaji

Wafanyabiashara wa Nakwa, mjini Babati, wanaotafuta bidhaa mpya ya kitalu wanaweza kuifikiria erika, kichaka cha kijani mwaka mzima chenye maua madogo meupe yanayonukia. Lakini mmea huu una masharti, na asiyeyajua atazika mtaji wake.

Erika si mgeni mkoani Manyara. Aina ya Erica arborea humea yenyewe juu ya msitu wa Mlima Hanang, na pia Meru na Kilimanjaro. Ulaya, fundo la mzizi wake huchongwa viko vya kuvutia tumbaku. Kwetu, soko la kulenga ni bustani za hoteli, ofisi na nyumba. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, pamoja na ile ya Arusha, humpa mwenye kitalu njia ya kupeleka miche pande mbili.

Sharti la kwanza ni udongo. Erika hutaka udongo wenye tindikali na usiotuamisha maji. Penye chokaa au magadi mizizi hushindwa kupata madini ya chuma, majani huwa manjano na mche hudhoofika. Visima vingi vya ukanda wa Bonde la Ufa vina maji ya magadi, hivyo ni salama zaidi kukinga maji ya mvua. Kiangazi cha Babati ni kirefu. Gharama ya tangi iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Sharti la pili ni ubaridi. Babati iko chini ya mita 1,500, wakati Hanang ina urefu unaozidi mita 3,400. Kwa hiyo mche upate jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Matunzo hayana gharama kubwa. Mizizi ni myembamba na iko juujuu, basi ng'oa magugu kwa mkono, usitumie jembe. Tandaza majani makavu shinani. Usiweke majivu wala samadi mbichi. Maua yakinyauka, punguza ncha za matawi ili kichaka kishonane.

Sasa hesabu. Ukinunua miche 100 na 40 ikafa, gharama ya kila mche uliobaki imepanda kwa theluthi mbili kabla hujalipa maji wala kibarua. Faida inaweza kuishia hapo.

Ushauri wetu: usichimbe miche Hanang, kwani ule ni msitu wa hifadhi. Nunua kitaluni, peleka udongo ukapimwe, kisha anza na miche 10 kwenye vyungu. Ikivuka kiangazi kimoja ikiwa hai, ndipo uongeze fedha.