MOI'S BRIDGE: WATU, NJIA NA LUGHA KATIKA MJI WA MPAKANI

Utangulizi

Mji mdogo wa Moi's Bridge umo katika Kaunti ya Uasin Gishu, kando ya Mto Nzoia, kwenye barabara itokayo Eldoret kuelekea Kitale. Ukivuka mto unaingia Trans Nzoia; na ukielekea magharibi hufiki mbali kabla ya kukanyaga ardhi ya Kakamega. Makala haya yananuia kueleza jinsi njia za usafiri zilivyowaleta watu mahali hapa, na jinsi watu hao walivyokihitaji Kiswahili.

Jina na njia

Hapo awali mji huu uliitwa Hoey's Bridge, kutokana na A. C. Hoey, mwindaji na mlowezi aliyejenga daraja juu ya Nzoia. Baada ya uhuru ulipewa jina la Daniel arap Moi. Mwanaonomastiki atatambua kwamba kilichobadilika ni mmiliki tu. Muundo wa Kiingereza ulibaki vilevile, na "Daraja la Moi" halikuandikwa katika ramani.

Mnamo 1926 tawi la reli kutoka Leseru lilifika Kitale likipitia hapa. Lengo lake kuu lilikuwa kuhudumia mashamba ya walowezi, hususan kusafirisha mahindi. Miaka ilivyosonga, huduma za treni zilififia na mzigo ukahamia barabarani. Barabara hiyo haikomi Kitale: huendelea hadi Kapenguria, Lodwar na mpaka wa Sudan Kusini. Hivyo, gunia la mahindi la Moi's Bridge lina safari ndefu kuliko mkulima aliyelijaza.

Watu na takwimu

Kuanzia 1962, mradi wa ekari milioni moja uligawa sehemu za mashamba ya walowezi kwa Waafrika. Kampuni na vyama vya kununua ardhi viliongeza wahamiaji. Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Wakisii na wengineo wakawa majirani.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 894,179 katika Uasin Gishu; ile ya 2019 ikahesabu 1,163,186. Trans Nzoia ilitoka 818,757 ikafika 990,341. Takwimu hizi ni muhimu katika ugavi wa rasilimali, lakini zina upungufu kwa mji wa mpakani. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuhesabiwa. Haioneshi kwamba anayelala Trans Nzoia huuza mahindi Uasin Gishu, wala kwamba mteja wake ametoka Kakamega. Anayepanga soko, zahanati au kituo cha matatu kwa kutazama upande mmoja wa mto atakuwa amepanga nusu ya mji.

Lugha ya njiani

Watu wa asili mbalimbali wanapokutana sokoni, Kiswahili ndicho huwaunganisha. Hapo msamiati huzaliwa kutokana na kazi. "Gorogoro", mkebe wa kupimia nafaka, na "debe" ni vipimo ambavyo mama muuzaji na mnunuzi wake huvielewa bila mkalimani. "Bodaboda" nalo ni neno la mpakani, lililotokana na usafiri wa baiskeli kati ya Kenya na Uganda, likaenea Afrika Mashariki nzima.

Hata hivyo, lugha pekee haitoshi kuleta amani. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwakumba watu wa Uasin Gishu na Trans Nzoia ambao kwa miaka mingi walikuwa wakizungumza Kiswahili kimoja sokoni. Daraja huwavusha wanaotaka kuvuka, haliwalazimishi.

Hitimisho

Utafiti mwingi wa Kiswahili umeelekezwa Pwani na, kwa upande wa Sheng, Nairobi. Miji kama Moi's Bridge, ambako Kiswahili kilifika pamoja na reli, shamba na soko, ingali inangoja watafiti. Ni wajibu wa wanafunzi wa vyuo vyetu, hasa waliozaliwa katika maeneo hayo, kuanza kukusanya maneno hayo, kwani msamiati wa kazi huondoka pamoja na kazi yenyewe, na wale waliopakia mahindi katika mabehewa ya Kitale wanazidi kupungua.