Mwenda Jean Bosco: tunayoyajua na tunayoyadhani

Katika kilio kimoja hapa Kolwezi tulisoma wasifu wa mzee aliyepiga gitaa maisha yake yote. Kadi yake ya uchaguzi ilitaja mwaka mmoja wa kuzaliwa, cheti cha ubatizo mwingine. Tukasoma yote miwili, na wengine wakanung'unika. Kumbe mjane anafuatilia pensheni, na karatasi zisizopatana hurudishwa. Baadaye kijana mmoja wa kwaya akauliza: na habari za Mwenda Jean Bosco, tunayejivunia kuwa wa kwetu, ni za hakika?

Wengi huandika kwamba alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, nasi twafuata hivyo. Ila tukumbuke kwamba zamani zile wengi waliandikiwa mwaka siku ya ubatizo au ya kuingia kazini. Mwaka unaoishia na sifuri hutufanya tusite kidogo.

Majina yake nayo yana mambo. Mwenda ni jina la watawala wa Bayeke: Msiri, ambaye mmisionari Frederick Stanley Arnot alimkuta Bunkeya mwaka 1886, aliitwa hivyo, na waliomrithi hulichukua. Ni rahisi basi kumfanya mwanamuziki mwana wa mfalme, lakini jina peke yake halithibitishi nasaba. Jean Bosco ni jina la padre wa Turin aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1934, ambaye shirika lake lilikuwa Katanga tangu 1911. Linatuonyesha kanisa, halitupi tarehe. Kisha mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya kigeni, naye akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Asiyejua hili aweza kudhani ni watu wawili!

Je, Edouard Masengo, mpiga gitaa mwenzake, alikuwa nani kwake? Wageni huandika binamu. Sisi twajua mtu akisema "ndugu yangu" hajaeleza tumbo gani. Mgeni akiuliza kwa Kifaransa, lazima achague neno moja, na hapo ndipo makosa huzaliwa, bila mtu kusema uongo.

Yasiyo na shaka ni yale yaliyoandikwa wakati wake. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo. Wimbo wa "Masanga" ukavuka mipaka. Alipendwa Nairobi, akapiga Newport, Marekani, mwaka 1969, akafa kwa ajali ya gari Zambia mwaka 1990.

Luka naye, kabla ya kuandika, alichunguza kwanza kwa walioshuhudia (Luka 1:1-4). Dada mkubwa wa yule marehemu wetu bado yu hai, kijijini upande wa Bunkeya. Wiki ijayo wazee wawili wa kanisa wanakwenda kwake na daftari, pamoja na kijana yule wa kwaya.