Kabla Hujalipia Mashine ya Kisasa kwa Daktari wa Meno

Siku hizi ni nadra kuona bango la kliniki ya meno lisilotaja "mashine za kisasa". Mgonjwa aliyekwisha kukaa kwenye kiti, shavu limevimba na usiku hakulala, hana nguvu za kuuliza ni mashine gani, inapima nini, na kwa nini imeongezwa kwenye bili. Ni heri aulize mapema. Baadhi ya vifaa hivi vyenye vihisi ni vya bei ndogo na vinaokoa jino. Vingine vinagharimu fedha nyingi mno, na kwa tatizo lako huenda visibadilishe chochote.

Ninachokipigia debe bila kusita ni kipimo cha umeme cha urefu wa mzizi. Jino likioza hadi kwenye kiini, njia ni mbili: kuling'oa au kutibu mzizi. Katika kutibu mzizi, daktari anatoboa jino kwa juu, anatoa kiini kilichooza, anasafisha mirija ya mizizi kwa mafaili membamba ya chuma, kisha anaiziba. Ugumu uko kwenye urefu. Kutoka juu ya gego hadi mwisho wa mzizi mara nyingi ni kama milimita 20, na usafishaji unatakiwa kukoma pale mrija unapokuwa mwembamba kabisa, nusu milimita hadi milimita moja kabla ya ncha. Faili likiishia mbali, uchafu wenye bakteria unabaki chini na jipu linaweza kurudi baada ya miezi. Likipitiliza, linajeruhi nyama na mfupa ulioshikilia jino, na mgonjwa anarudi nyumbani na maumivu yaleyale aliyotaka kuyakimbia.

Kwa miaka mingi madaktari walitegemea eksirei peke yake. Lakini eksirei ni picha bapa, na tundu la mzizi mara nyingi halitokei kwenye ncha bali ubavuni, mahali ambapo picha hailionyeshi. Mwaka 1962 mtafiti wa Japani, Sunada, alionyesha kwamba ukinzani wa umeme kati ya utando wa kinywa na nyama inayozunguka mzizi haubadilikibadiliki sana, ni karibu kilo-omu 6.5, kwa hiyo umeme kidogo unaweza kumwambia daktari faili limefika wapi. Vifaa vya kwanza vilichanganyikiwa mrija ukiwa na majimaji. Vya sasa vinatumia masafa mawili au zaidi kwa pamoja: Root ZX ya kampuni ya J. Morita, kwa mfano, inalinganisha kilohezi 0.4 na kilohezi 8, ndiyo maana inasoma hata mrija ukiwa na dawa ya kusafishia.

Kikitumika mbele yako utakitambua. Kindoano cha chuma kinaning'inizwa pembeni mwa mdomo, na kibanio kidogo kinashika shina la faili. Kadiri faili linavyoshuka, kifaa kinalia, polepole kwanza, kisha harakaharaka, na vijistari vya rangi vinashuka kwenye kioo. Daktari anasogeza kipete cha mpira kilicho juu ya faili mpaka kiguse jino, analitoa faili, analiweka kwenye rula na kusoma, tuseme, milimita 21. Namba zilizoandikwa kwenye kioo chenyewe si milimita, ingawa wengi hudhani hivyo. Milimita zinatoka kwenye rula.

Sasa tuje kwenye bei. Kifaa cha China cha aina ya Woodpecker kinauzwa takriban dola 100 hadi 200. Cha Kijapani cha hadhi ya Root ZX kinagharimu mara kadhaa ya hapo. Tuchukue cha dola 150, kikatumika kwa meno 300: gharama yake kwa kila jino ni nusu dola. Kwa hesabu hiyo, kliniki inayokitoza kama "huduma maalumu" haina hoja, na kliniki inayotibu mizizi bila kuwa nacho ina hoja dhaifu zaidi. Hicho ni kifaa cha lazima, na bei yake iwe ndani ya bei ya matibabu.

Tofauti kati ya cha China na cha Japani isikusumbue wewe mgonjwa. Mkono na utaratibu vina uzito kuliko nembo. Kifaa chochote kinadanganyika jino likijaa damu au mate, au faili likigusa chuma kilichoziba jino. Kwa hiyo uliza kama daktari atalitenga jino kwa kitambaa cha mpira, kile kinachotandazwa mdomoni na kuacha jino moja tu nje, na kama atapiga eksirei ya kuhakiki kabla ya kuziba. Kihisi na picha vinasahihishana. Na kama una kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kifuani, mwambie daktari kabla hajaanza, kwa sababu watengenezaji wengi wa vipimo hivi wanatoa tahadhari juu ya wagonjwa wa aina hiyo.

Ndugu wa karibu wa kipimo cha urefu ni mota ya kuzungushia mafaili. Mafaili ya aloi ya nikeli na titani yanapinda na kufuata mzizi uliopinda, lakini yakikwama huku yanazungushwa yanakatika, na kipande kikibaki ndani ya mzizi kukitoa ni kazi ngumu. Mota nzuri ina kihisi cha nguvu ya mzunguko: mzigo ukizidi kiwango kilichowekwa, inasimama au inarudi nyuma yenyewe. Siku hizi mota nyingi zina kipimo cha urefu ndani yake. Hiyo nayo ni fedha iliyotumika vizuri, ila haiwezi kuokoa faili lililochoka. Uliza faili litakalotumika kwako limeshatumika mara ngapi. Swali hilo ni halali kabisa, na daktari makini halichukii.

Kuna kihisi kingine ninachokiogopa, kwa sababu kinaweza kuanzisha utoboaji usiohitajika. Ni kalamu ya leza ya kutafuta uozo. DIAGNOdent ya KaVo ndiyo inayojulikana zaidi: inamulika jino kwa mwanga mwekundu wa nanomita 655, inapokea mng'ao unaorudi, na kutoa namba kati ya 0 na 99. Namba ikipanda, uozo unashukiwa. Lakini madoa, ugaga na kasoro za kuzaliwa za ganda la jino nazo huipandisha. Mtu wa Arusha, Meru, Kilimanjaro au Nakuru, aliyekua akinywa maji yenye floridi nyingi na meno yake yakapata rangi ya kahawia, ana kila sababu ya kuwa mwangalifu hapa. Namba peke yake isikufanye ukubali kutobolewa. Omba daktari alikaushe jino, aliangalie kwenye mwanga mzuri, apige eksirei, na kama hakuna shimo wala maumivu, uliza kama jino linaweza kusubiri huku likifuatiliwa. Ganda likishatobolewa halioti tena.

Vifaa vya bei kubwa viko kwenye meno ya kupandikiza. Hapa keekee inaingia kwenye mfupa wa taya kutengeneza tundu la skrubu ya titani, na katika taya la chini kuna mshipa mkubwa wa fahamu ambao madaktari hujitahidi kuuacha umbali wa angalau milimita 2. Ukiguswa, mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi kwa muda mrefu. Mfupa wenyewe hauvumilii joto: nyuzi 47 kwa dakika moja zinatosha kuuharibu. Hapo usahihi una thamani ya kweli.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni mkono mtupu wa daktari, baada ya kusoma picha. Ya pili ni kiongozi cha plastiki kilichochapwa kutokana na picha ya CBCT, inayoonyesha taya kwa pande tatu. Keekee inapita kwenye tundu lililokwisha kupangwa. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2018 yalikuta wastani wa kukosea kwa njia hii ni milimita 1.2 pale keekee inapoingilia, 1.4 kwenye ncha, na nyuzi 3.5 za pembe. Ya tatu ni uelekezaji wa papo hapo: kamera inafuatilia alama zilizofungwa kwenye taya na kwenye mashine, na daktari anaona kwenye skrini keekee yake iko wapi ndani ya mfupa. Marekani wameshafika kwenye roboti, Yomi, iliyoruhusiwa na mamlaka ya huko mwaka 2016.

Uelekezaji kwa kamera na kiongozi cha plastiki vinakaribiana kwa usahihi. Tofauti kubwa iko kwenye fedha. Mfumo wa kamera unagharimu makumi ya maelfu ya dola. Ukiwa wa dola 30,000 na ukitumika kwa vipandikizi 100, ni dola 300 kwa kila kimoja kabla ya mafunzo na matengenezo, na anayelipa mwishoni ni mgonjwa. Faida yake naikubali kwa mtu asiyeweza kufungua mdomo vya kutosha, kwa kuwa kiongozi cha plastiki kinahitaji keekee ndefu na nafasi ya kutosha kwenye magego ya nyuma. Hata hivyo, alama ya kwenye taya ikilegea kidogo, skrini itaonyesha mahali pasipo sahihi, kwa hiyo daktari anapaswa kugusisha keekee kwenye jino linalojulikana na kuhakiki kila mara.

Kwa jino moja la mbele kwenye mfupa wa kutosha, mkono wa daktari mzoefu pamoja na picha nzuri unatosha. Kwa gego la chini lililo karibu na mshipa, au meno kadhaa kwa mpigo, lipia picha ya CBCT na kiongozi cha plastiki, na uokoe fedha ya kamera. Lakini kabla hujatia sahihi ya kupandikizwa, rudi kwenye swali la mwanzo: je, jino linalotaka kung'olewa haliwezi kutibiwa mzizi? Mwambie daktari akuandikie bei za njia zote mbili, zikichanganuliwa: picha, ganzi, kutibu mzizi na kofia ya jino upande mmoja, kung'oa, kipandikizi na kofia yake upande wa pili. Asiyekubali kuandika, chukua eksirei yako uende kwa mwingine.