Huduma za vyuo vikuu vya Marekani kwa wanafunzi wa tamaduni mbalimbali

Huduma za vyuo vikuu kwa wanafunzi wa tamaduni mbalimbali ni kazi zinazofanywa na ofisi, vituo na programu za chuo ili kuwasaidia wanafunzi wanaotoka katika jamii ambazo zamani hazikuwa na nafasi chuoni, au ambazo lugha, dini na desturi zake ni tofauti na za walio wengi. Huduma hizo ni pamoja na ushauri wa masomo, mafunzo ya ziada, misaada ya fedha, na majengo ambamo wanafunzi hukutana na wenzao.

Nchini Marekani huduma za namna hii zilienea kuanzia miaka ya 1960. Makala hii inatumia zaidi mfano wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, ambako zilianzishwa kwa madai ya wanafunzi wenyewe.

Kuingia na kumaliza

Ni rahisi kudhani kwamba mwanafunzi akishapata nafasi chuoni tatizo limekwisha. Kwa kweli wengi huacha masomo katika mwaka wa kwanza au wa pili, na mara nyingi sababu si uwezo mdogo wa akili. Kijana ambaye wazazi wake walisoma chuo kikuu huja na maarifa mengi yasiyoandikwa popote. Anajua kwamba mhadhiri hutenga saa za kuonana na wanafunzi, na kwamba kwenda kumwona si kukiri ujinga. Anajua kwamba somo linaweza kuachwa kabla ya tarehe fulani bila kuharibu matokeo, na kwamba fomu ya kuomba msaada wa fedha ina siku yake ya mwisho. Yule aliye wa kwanza katika ukoo wake kufika chuoni hana wa kumwuliza nyumbani. Wamarekani humwita mwanafunzi huyo wa "kizazi cha kwanza", na wengi wa wanaotumia huduma hizi ni wa kundi hilo.

Tofauti za malezi huongeza ugumu. Katika nyumba nyingi za Waafrika, Waasia na wenyeji asilia wa Amerika, mtoto hufundishwa kunyamaza mkubwa anaposema, kutomkazia macho na kutompinga hadharani. Katika madarasa mengi ya vyuo vya Marekani mwanafunzi hupewa alama kwa kuuliza, kubisha na kutoa maoni yake. Basi mwenye adabu ya nyumbani huonekana kama mtu asiyesoma au asiyependa somo. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu, lakini alama zinapungua. Mshauri anayezijua pande zote mbili anaweza kumweleza mwanafunzi kinachotarajiwa darasani. Anaweza pia kumweleza mhadhiri kwamba ukimya ule ni heshima. Kazi ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na ofisi nyingi huifanya kwa nadra.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo halijapata jibu moja tangu huduma hizi zianze: anayetakiwa kubadilika ni mwanafunzi, au ni chuo?

Madai ya mwaka 1968

Katikati ya miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Washington kilikuwa na wanafunzi maelfu kwa maelfu, lakini Wamarekani Weusi, Wachicano (Wamarekani wenye asili ya Meksiko) na wenyeji asilia miongoni mwao walikuwa wachache mno. Mwanzoni mwa mwaka 1968 kikaanzishwa Chama cha Wanafunzi Weusi. Baada ya Martin Luther King kuuawa tarehe 4 Aprili mwaka huo, chama kilimwandikia rais wa chuo, mwanahistoria Charles Odegaard, kikidai wanafunzi na walimu zaidi kutoka jamii hizo, programu ya kuwasaidia, na masomo kuhusu historia na utamaduni wa watu Weusi.

Tarehe 20 Mei 1968 wanachama waliingia katika ofisi ya rais na kukaa humo kwa saa kadhaa. Miongoni mwao alikuwemo Larry Gossett, ambaye baadaye alikuwa diwani wa wilaya ya King kwa miaka mingi. Jioni ile makubaliano yalitiwa saini bila damu kumwagika. Si kila chuo kilikuwa na bahati hiyo: katika Chuo cha Jimbo cha San Francisco mgomo ulioanza Novemba 1968 uliendelea hadi Machi 1969, polisi wakapambana na wanafunzi na mamia wakakamatwa.

Jambo lisilosimuliwa sana ni lile lililofuata kiangazi. Chuo hakikuwa na watu waliojua jinsi ya kuwapata vijana waliotakiwa, kwa hiyo wanafunzi wenyewe walisafiri ndani ya jimbo kuwatafuta: katika mitaa ya Weusi mjini Seattle, katika maeneo ya wenyeji asilia, na katika bonde la Yakima, ambako familia nyingi za Wachicano zilifanya vibarua vya kuvuna matunda na mboga. Vijana waliofika kutoka Yakima walikuja na mambo ya kwao. Mwaka 1969 walidai mkahawa wa chuo uache kuuza zabibu, kwa kuwaunga mkono wafanyakazi wa mashamba ya California waliokuwa katika mgomo, na wakafaulu. Chuo kilidhani kinapokea wanafunzi peke yao. Kilipokea na shida za wazazi wao.

Programu iliyoanzishwa kutokana na makubaliano hayo ilikua na kuwa Ofisi ya Masuala ya Walio Wachache. Mwaka 1970 Samuel E. Kelly, aliyekuwa ofisa wa jeshi kabla ya kuwa mwalimu, aliteuliwa kuiongoza akiwa na cheo cha makamu wa rais wa chuo. Cheo hicho kilikuwa na maana kubwa. Ofisi ndogo iliyo chini ya ofisi nyingine huweza kupunguziwa fedha bila mtu kujua. Mwenye cheo cha makamu wa rais huketi mezani bajeti inapogawanywa.

Kazi za kila siku

Huduma inayotumiwa na wengi ni ya mafunzo ya ziada. Chuo Kikuu cha Washington kina kituo cha mafunzo ambapo wanafunzi wa programu hiyo husaidiwa katika hisabati, fizikia, kemia, biolojia na uandishi. Somo la kemia la mwaka wa kwanza husomwa na mamia ya watu katika ukumbi mmoja, na ndilo mlango wa udaktari, uuguzi na famasia. Aliyetoka shule isiyo na maabara hujikuta nyuma tangu juma la kwanza. Hapo maneno ya kumtia moyo hayatoshi. Anahitaji mtu wa kukaa naye na kufanya maswali, jioni baada ya jioni.

Washauri wa masomo hushughulika na mengine: kuchagua kozi, kujaza fomu za fedha, kuandika barua ya kuomba nafasi tena baada ya kufeli. Fomu za fedha zina ugumu wake. Hutaka takwimu za mapato na kodi za wazazi, na kuna wazazi wanaoona kwamba kutaja mapato yao kwa serikali ni kujitafutia balaa, hasa waliokimbia nchi ambako serikali ilikuwa adui.

Mwaka 1972 kilifunguliwa Kituo cha Utamaduni wa Makabila, jengo lililosanifiwa na Benjamin McAdoo, msanifu majengo Mweusi wa Seattle. Kutani mwake kulichorwa michoro mikubwa, ikiwemo ile ya Emilio Aguayo katika chumba cha Wachicano. Jengo jipya lilipofunguliwa mwaka 2013 kwa jina la Samuel E. Kelly, michoro ya zamani ilihifadhiwa. Wako wanaosema vituo vya namna hii huwatenga wanafunzi. Wanaovitumia hujibu kwamba mtu anayekuwa mgeni kutwa nzima darasani anahitaji mahali ambapo hatakiwi kujieleza, ili kesho arudi darasani. Mwaka 2015 wenyeji asilia nao walipata nyumba yao chuoni, iliyojengwa kwa mtindo wa nyumba ndefu za jadi na kupewa jina la Kilushootseed, lugha ya asili ya eneo hilo.

Dini nayo imo. Kwa sheria ya jimbo la Washington ya mwaka 2019, vyuo vya umma vinapaswa kumrekebishia ratiba mwanafunzi ambaye ibada au sikukuu ya dini yake inagongana na mtihani au kazi ya darasani, mradi amjulishe mwalimu kwa maandishi katika majuma mawili ya kwanza ya kozi. Kwa Mwislamu anayefunga Ramadhani msimu wa mitihani, au Myahudi anayeshika Yom Kippur, sheria hiyo imeondoa haja ya kuombaomba. Huu ni mfano mmojawapo wa chuo kutakiwa kubadilika badala ya mwanafunzi.

Wanafunzi kutoka nchi za nje

Watu wengi huchanganya huduma hizi na zile za wanafunzi wa kigeni. Kwa kawaida ni ofisi mbili. Ya wanafunzi wa kigeni hushughulika kwanza na uhamiaji. Mwenye visa ya F-1 anayesomea shahada ya kwanza lazima achukue masomo ya kutosha kila muhula, na wakati wa masomo haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa juma. Tangu mwaka 2003 vyuo hutoa taarifa zake kwa serikali kwa njia ya kompyuta. Hivyo mshauri anayemsaidia ndiye huyohuyo anayetoa taarifa zake, na mwanafunzi anafaa kulijua hilo mapema.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwezi Septemba 1959 wanafunzi 81 kutoka Kenya walifika New York kwa ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, na mamia walifuata hadi mwaka 1963. Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alifika mwaka 1960 katika chuo cha masista Wakatoliki mjini Atchison, Kansas. Wakati huo misaada ilitegemea sana hisani ya walimu, makanisa na familia za wenyeji. Waliopata wenyeji wema walishukuru. Asiyewapata hakuwa na ofisi ya kwenda.

Sheria na mabishano

Serikali kuu ya Marekani iliingia katika huduma hizi kwa njia ya umaskini. Programu zake tatu za kwanza, zilizoanzishwa kati ya mwaka 1964 na 1968, ziliitwa TRIO, na jina likabaki hata zilipozidi tatu. Kigezo chake si rangi wala kabila: huangalia kipato cha familia, elimu ya wazazi na ulemavu.

Mwaka 1998 wapiga kura wa jimbo la Washington walipitisha pendekezo namba 200, lililokataza taasisi za umma kumpendelea mtu kwa sababu ya rangi, jinsia au kabila. Huduma za chuo hazikufa. Zilisimama zaidi juu ya vigezo vya kipato na kizazi cha kwanza, zikiendelea kuwahudumia wengi wa walewale. Mwaka 2007 jina la ofisi liliongezwa neno "uanuwai".

Kwingineko mambo yamekwenda kwa ukali zaidi. Mwezi Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kutumia rangi kuwa kigezo cha kuchagua wanafunzi. Hukumu hiyo ilihusu udahili; haikufunga vituo vya utamaduni. Baadhi ya vituo vilifungwa kwa sheria za majimbo. Huko Texas sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024 ilikataza ofisi za uanuwai katika vyuo vya umma, na Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kikafunga kituo chake cha wanafunzi wa tamaduni mbalimbali. Utah ilifuata mwaka huohuo, na Chuo Kikuu cha Utah kikafunga kituo cha utamaduni wa watu Weusi.

Wanaounga mkono sheria hizo husema fedha za umma zisigawanywe kwa makundi ya watu, na kwamba kila mwanafunzi mwenye shida asaidiwe kwa shida yake. Hoja hiyo ina uzito, na TRIO imeifuata kwa zaidi ya nusu karne. Ugumu wake uko katika utekelezaji. Ofisi ya wote humhudumia anayejua kuiendea na kuuliza, na yule wa kizazi cha kwanza, aliyelelewa kutomsumbua mkubwa, ndiye anayechelewa zaidi kubisha hodi. Katika majimbo yaliyopitisha sheria hizo, vyama vya wanafunzi vimeruhusiwa kuendelea, na huko baadhi ya kazi zilizokuwa za waajiriwa zimerudi mikononi mwa wanafunzi wa kujitolea.